Mbwa Wako Hakoromi kwa Raha, Anatafuta Hewa

Ndugu zangu, leo naomba niwaudhi kidogo. Nataka tuzungumze habari za mbwa. Najua wapo watakaosema, "Huyu mwandishi kaishiwa, siasa imemshinda, bei ya mahindi imemshinda, sasa kahamia kwa mbwa." Semeni tu. Mimi naishi Maisaka, hapa hapa Babati mjini, na kwa miezi kadhaa sasa simu yangu inapokea video za mbwa wenye uso uliobapa, macho yamewatoka kama yamesukumwa kutoka ndani, wamelala kifudifudi wanakoroma kama mzee aliyetoka kilabuni. Chini yake watu wanacheka. "Jamani ana raha huyu!" "Kalala kama baba mwenye nyumba!"

Hoja yangu ni moja na naisema mapema ili mwenye haraka aondoke nayo: sauti ile si ya raha. Ni sauti ya mnyama anayevuta hewa kupitia tundu lililozibwa nusu, na anafanya hivyo kila dakika ya maisha yake. Tunachokicheka ni ugonjwa. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Kuna buldogi wa Kiingereza, buldogi wa Kifaransa, pagi, Boston terrier, Pekingese na Shih Tzu. Mitaani wote tunawaita "mbwa wa Kizungu", ingawa pagi na Pekingese asili yao ni China. Siku hizi wananadiwa kwenye Instagram, na mwenye naye anaonekana kafika. Pembeni yupo mbwa wetu wa kienyeji, pua ndefu, miguu mirefu, anayefuata ng'ombe toka alfajiri hadi jua linazama upande wa ziwa na wala husikii akikoroma. Huyo tunamwita koko. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Mbwa anayepumua vizuri tumempa jina la tusi, na mbwa anayekosa pumzi tumempa kochi.

Sasa tuingie ndani ya pua. Mbwa wa uso bapa hakuumbwa hivyo na pori. Watu walichagua wenye uso mfupi wakawapandisha, kizazi baada ya kizazi, mpaka mifupa ya uso ikafupika kabisa. Tatizo ni kwamba mifupa ilifupika lakini nyama za ndani hazikufupika kwa kiasi hicho. Ulimi ni ule ule mkubwa. Kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya kinywa, limebaki refu na nene. Ni kama kuchukua godoro la tano kwa sita ukalisukumiza kwenye kitanda cha futi tatu. Litaingia, lakini litakunjamana, na kila mkunjo umekaa kwenye njia ya hewa. Matundu ya pua yenyewe mara nyingi yamebaki vijistari viwili tu. Wengine, hasa buldogi, huzaliwa na bomba la hewa jembamba kuliko inavyotakiwa.

Wale mliosoma fizikia mnakumbuka habari ya mabomba. Katika mtiririko tulivu, ukipunguza upana wa bomba kwa nusu, ugumu wa kupitisha kitu ndani yake hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara 16. Jaribu kunywa uji mzito kwa mrija wa soda ndipo utaelewa mbwa huyu anaishije. Na kwa sababu anavuta kwa nguvu mno, nyama laini za kwenye koo hunyonywa kuelekea ndani, huvimba, na kadiri miaka inavyokwenda zoloto lenyewe huweza kulegea na kuporomoka. Kwa hiyo anayekwambia "atazoea tu akikua" anakupoteza. Mara nyingi akikua ndiyo kwanza hali inazidi kuwa mbaya.

Madaktari wa wanyama wamegawa sauti hizi, na mtu yeyote mwenye masikio anaweza kujifunza. Sauti nzito ya kukoroma, hasa akiwa macho, inatoka kwenye kaakaa na nyuma ya pua. Binadamu akikoroma usingizini tunamvumilia, lakini je, ukikutana na mtu anakoroma huku anatembea Babati sokoni, utasema ana raha? Utamkimbiza hospitali. Sauti ya pili ni nyembamba na kali, kama mluzi, anapovuta hewa. Hiyo inatoka chini zaidi, kwenye zoloto, na ni ya kuogopa kuliko ya kwanza. Ya tatu ni ile ya kukohoa na kutaka kutapika, akitema mapovu au chakula baada ya kula. Wengi hudhani kala kitu kibaya, kumbe nguvu anayotumia kuvuta hewa inavuruga hadi tumbo.

Ipo na sauti ambayo haina neno. Wakati mwingine mbwa husimama, hunyoosha shingo na kuvuta hewa kwa fujo mara kadhaa, kama anapiga chafya kinyumenyume, kisha anaendelea na shughuli zake. Hiyo huwapata hata mbwa wa pua ndefu na mara nyingi hupita yenyewe. Kwa hiyo sisemi kila mlio ni msiba. Nasema mtu ajifunze kutofautisha kabla hajarekodi video.

Tazama na usingizi wake. Mbwa mwenye tatizo hili mara nyingi hulala ameinua kidevu juu ya kitu, au amekaa, au ana mdoli mdomoni ili kinywa kibaki wazi. Ndizo picha tunazozipenda kuliko zote! Yule hajajifunza maringo. Amegundua kwamba akilala kama mbwa wengine, hewa inakatika na anashtuka.

Mtasema natia chumvi. Haya, twende kwenye utafiti. Chuo cha Royal Veterinary College cha London kilitoa matokeo mwaka 2012 kuhusu wenye mbwa ambao walikuwa na dalili za wazi za kuziba hewa. Zaidi ya nusu ya wenye mbwa hao walisema mbwa wao hawana tatizo lolote la kupumua. Hawakuwa waongo. Waliona ni kawaida ya aina hiyo ya mbwa. Watafiti wa Cambridge nao waliwapima buldogi wa Kifaransa na pagi, wakakuta takriban nusu yao wana tatizo la kiwango cha kumhusu daktari. Nusu, ndugu zangu! Ingekuwa nusu ya pikipiki za aina fulani zinazima breki barabarani, kuna mtu angezinunua?

Neno "kawaida" ndilo adui yangu katika makala hii. Kitu kikitokea kwa wengi kinakuwa cha kawaida, lakini hakiwi kizuri kwa sababu hiyo.

Kuna kijana mmoja mtaani kwetu, sitamtaja, ana buldogi dume aliyemtoa Dar. Mbwa mpole, anapendwa na watoto wote wa mtaa. Jioni moja nilitembea nao kuelekea barabara kuu. Si mbali. Mbwa alisimama mara tatu. Mara ya tatu alijilaza tumbo chini kwenye kivuli cha kibanda cha chipsi, ulimi nje, na ile sauti unaisikia hata bajaji zikipita. Mwenyewe akacheka, "Mvivu huyu kaka, kazoea maisha mazuri." Kisha akanieleza mpango wake. Anataka kuleta jike, azalishe, auze watoto. Biashara ipo, wateja wapo, Arusha hadi Dodoma.

Nikamuuliza swali moja ambalo nawauliza na ninyi: jike akishikwa na uchungu usiku, nani atampasua? Maana hilo nalo linafichwa kwenye matangazo. Watoto wana vichwa vikubwa na nyonga za mama ni nyembamba. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwa buldogi wa Kiingereza, buldogi wa Kifaransa na Boston terrier, zaidi ya asilimia 80 ya mazao yalikuwa kwa upasuaji. Hapa kwetu tuna maofisa mifugo ninaowaheshimu, watu wanaojua ng'ombe, mbuzi na kondoo kuliko vitabu. Lakini kumlaza mbwa wa uso bapa kwa dawa ya usingizi ni shughuli nyingine. Anahitaji mpira wa kupitishia hewa kooni, oksijeni, na mtu wa kumwangalia mpaka azinduke kabisa, kwa sababu hatari kubwa inakuja pale mpira unapotolewa. Hospitali ya kufundishia ya wanyama iko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Uchungu haungoji basi la alfajiri.

Na kuna joto. Babati tumebahatika, tuko juu kidogo, asubuhi unavaa sweta. Lakini ifike Oktoba, au ushuke Magugu saa saba mchana, au umpandishe mbwa kwenye gari kutoka Dar safari ya siku nzima. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema, hewa ikipita kwenye pua na ulimi wenye unyevu. Ukimfupisha pua umemng'oa rejeta. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 uliwalinganisha mbwa na Labrador kwa kupatwa na ugonjwa wa joto. Buldogi wa Kiingereza alikuwa na hatari karibu mara 14, buldogi wa Kifaransa zaidi ya mara 6. Hiyo ni Uingereza, nchi ambayo jua likitoka watu wanaacha kazi kwenda kulitazama. Sisi tunawafuga Dar, Tanga na Mombasa, penye joto na unyevu ambao unazuia hata ule mvuke wa ulimini kukauka!

Mashirika mengi ya ndege yanakataa kuwabeba mbwa hawa sehemu ya mizigo kwa sababu wamekuwa wakifia humo. Mfanyabiashara asiyetaka hela yako ujue ana sababu.

Niwape na hatari nyingine ya kwetu. Mbwa aliyezidiwa na joto anatoa udenda, anayumba, macho yamemtoka. Katika nchi ambayo kichaa cha mbwa bado kinaua watu, mtaa utamwona huyo kuwa ana kichaa, na mnajua mawe yanavyofuata. Kinyume chake pia ni kweli, tafadhali shika hili: mbwa yeyote aliyebadilika sauti ghafla, anayeshindwa kumeza na kutoa udenda, usimtie mkono kinywani ukidhani kakwamwa na mfupa. Inaweza kuwa kichaa kweli. Mfungie mbali, mwite ofisa mifugo, na kama amekuuma osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mchanje mbwa wako kila mwaka. Uzungu wake haumkingi.

Sasa tugeukie huo Uzungu, maana ndio unaouzwa. Buldogi wa zamani alitumika Uingereza kwenye mchezo wa kikatili wa kumwachia mbwa fahali, mchezo uliopigwa marufuku mwaka 1835. Mbwa wa kazi ile asingeweza kuwa huyu wa leo, angeishiwa pumzi kabla fahali hajageuka. Mchoraji William Hogarth alijichora na pagi wake mwaka 1745, na pagi yule ana pua inayoonekana kabisa. Uso huu bapa wa kupita kiasi ulitiwa nguvu na maonyesho ya urembo wa mbwa, pale majaji walipokuwa wakiwapa zawadi wenye uso mfupi zaidi.

Na hao hao wenye asili ya mchezo wameanza kushtuka. Uholanzi ilitunga kanuni mwaka 2014 kuzuia kuzalisha mbwa wenye umbo linalowaumiza, na mwaka 2019 ikaweka kipimo: pua iwe angalau theluthi moja ya urefu wa fuvu. Norway mwaka 2022 mahakama ya Oslo ilizuia uzalishaji wa buldogi wa Kiingereza na Cavalier King Charles. Rufani baadaye mwaka huo ikawaachia wa buldogi, lakini Mahakama ya Juu mwaka 2023 ikabakiza zuio la Cavalier. Wakati huo huo Marekani buldogi wa Kifaransa akawa namba moja kwa kuandikishwa mwaka 2022, akimwondoa Labrador aliyeshika nafasi hiyo miaka 31. Yaani dunia imegawanyika: upande mmoja mahakamani, upande mwingine sokoni. Sisi tumekimbilia sokoni bila hata kuuliza kesi ilihusu nini. Tumezoea kuvaa mitumba, sasa tunafuga mitumba.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Watu wanakosa dawa, wewe unalilia mbwa?" Ndugu, aliyenunua mbwa huyu hakukosa hela ya dawa. Amelipa pesa nyingi kwa mnyama atakayeumwa maisha yake yote. Simwambii asiyenacho atoe, namwambia aliyenacho asinunue mateso. Na huruma haiko kwenye kibaba kwamba ukimpimia mbwa mtoto atapungukiwa.

La pili: "Mimi nampenda, namlisha kuliko hata mimi." Siupingi upendo wako. Ila unene ni adui wa mbwa huyu kuliko mwizi, kwa sababu mafuta nayo yanajaa kwenye ile njia ya hewa iliyokwisha kubanwa. Zile mishkaki unazomrushia ukiwa na marafiki zinamkaba.

La tatu: "Mbona anatingisha mkia, anacheza?" Mbwa hutingisha mkia hata akiumwa. Hajawahi kupumua vizuri hata siku moja, atajuaje kwamba kuna kupumua kwingine?

La nne ni la wanasheria wa mtaani: "Mbwa ni mali yangu." Ni mali yako, lakini tangu mwaka 2008 Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia na kututaka tumwepushe na maumivu na dhiki. Sijasikia mtu akishitakiwa kwa kuzalisha mbwa wasiopumua, na sitaki kijana wetu awe wa kwanza. Nataka Baraza la Veterinari na wizara inayohusika na mifugo waseme kitu kuhusu uzalishaji huu sasa, soko likiwa bado changa.

Wenye nao tayari msiwatupe, maana kosa si la mbwa. Mpunguze uzito. Mvue mkanda wa shingoni umvishe wa kifuani, usimbane koo lililokwisha kubanwa. Mtembeze alfajiri au jua likishapoa. Siku ya baridi, mkimbize taratibu dakika tatu kisha msikilize. Ndicho kipimo wanachotumia Cambridge, ila wao wanaongeza chombo cha kusikilizia. Kama sauti imezidi, au inachukua muda mrefu kutulia, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Matundu ya pua yanaweza kupanuliwa na kaakaa kupunguzwa kwa upasuaji, na mbwa wengi hupata nafuu, ingawa hawawi wazima kabisa. Fizi zikigeuka rangi ya zambarau au akianguka, usisubiri kesho. Ukimkuta amezidiwa na joto, mmwagie maji ya baridi na umpepee kwanza, halafu ndiyo umkimbize. Usimfunike kanga iliyolowa, itamtunzia joto.

Na usimzalishe. Hapa sina lugha ya kupamba. Anayezalisha mbwa huyu anauza koo lililoziba, na mnunuzi analipa zaidi kadiri lilivyoziba. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Unataka mlinzi? Unataka rafiki? Pita Bonga, Singe, Nangara, pita hapa Maisaka, uliza nani mbwa wake amezaa. Utapata mtoto wa kienyeji kwa bei ya kuku, pengine bure. Mchanje, mpe dawa ya minyoo, mpe jina zuri. Usiku akilala mlangoni kwako utasikia vyura wa ziwani na malori yanayopanda kwenda Arusha, yeye hutamsikia mpaka mwizi aje.

Kijana wa mtaani kwetu bado hajaleta jike. Amesema anafikiria. Mdogo wangu, kama unasoma hapa, fikiria ukiwa umeziba pua moja na kufumba mdomo, kisha panda mara moja kilima cha nyumbani kwenu. Ukifika juu ndipo uniambie kama bado unataka kuuza.

Naomba kutoa hoja.